Pigo la Kwanza la Fundi Moja

Saa mbili asubuhi, fundi baiskeli amesimama barazani kwake na nyundo mkononi, lakini hapigi. Mbele yake iko baiskeli kuukuu ya muuza mikate. Mkewe, ambaye ni mshona nguo, amepiga magoti akishikilia kipande cha bomba kinachoegemeza mkono wa pedali.

"Piga basi, Baba Watoto. Magoti yangu si ya chuma," anamhimiza.

Wateja humwita mumewe Fundi Moja. Katika baiskeli hizi za zamani, mkono wa pedali hufungwa kwenye ekseli kwa kotapini, msumari mnene uliochongwa upande mmoja. Ikishakaza, kotapini haibembelezwi. Ukiigonga kiwogawoga, inapinda. Yeye huitoa kwa pigo moja.

Miezi minne iliyopita alianguka kutoka kwenye ngazi akiziba paa, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Plasta imetolewa juzijuzi tu, na hajashika nyundo tangu siku ile.

"Maumivu siyaogopi," anasema. "Naogopa mkono ukikataa. Kazi nyingine siijui. Halafu nikikosa, navunja vidole vya mshonaji."

Muda wote huo mkewe ndiye aliyeendesha kazi, asubuhi spana, jioni cherehani. Hata baiskeli hii aliitengeneza yeye. Alitoa kotapini chakavu kwa mapigo kama kumi, akagongomea mpya mbili, zote zikitazama upande mmoja. Zilipaswa kupishana, moja kichwa juu, nyingine kichwa chini. Matokeo yake pedali hazilingani.

"Naendesha kama kiwete," analalamika muuza mikate, anayesubiri kando. "Kila mtu ananiuliza nimeumia wapi."

"Mimi nilidhani ni kama vifungo vya shati," mke wa fundi anajitetea. "Umeona wapi kifungo kimoja kinatazama mbele, kingine nyuma?"

Fundi anaangua kicheko. Huenda kicheko hicho ndicho kinachomlegeza bega, kwa sababu papo hapo anainua nyundo na kuishusha. Kotapini inachomoka na kudunda kwenye saruji.

Haiangalii. Anaangalia mikono ya mkewe.

"Vidole viko vyote kumi. Hesabu mwenyewe," mkewe anamwambia.

Fundi anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta machozi kwa mkono wa shati bila kujificha. "Daktari alisema nimepona," anasema. "Nilikuwa sijamwamini."

Kotapini inageuzwa, inapigwa tupa kidogo na kurudishwa. Muuza mikate anazunguka uani, miguu ikienda sawa, anaaga kwa kengele.

Sasa fundi ana mpango wa kupaka rangi upya kibao cha barazani, na safari hii jina la mkewe liwe chini ya lake. Mke mwenyewe ameshachagua la kuandikwa.

"Fundi Kumi," anasema, akijikung'uta vumbi magotini. "Pigo moja bado halinitoshi."