Mama Célestine Hakukasirika

Boti kutoka Yangambi ilitushusha Kisangani asubuhi, na ufuko ambao niliambiwa una makelele ulikuwa kimya. Mitumbwi ya kuvusha watu kwenda Lubunga ilikuwa imefungwa yote. Mwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, alinitazama kama mtu aliyechelewa arusi.

"Wote wako tribunal, tonton. Leo wanamuhukumu Mama Célestine. Panda!"

Nikapanda.

Ukumbi wa mahakama ulijaa hadi madirishani. Mbele alisimama mama wa makamo, mabega mapana, mpiga kafi tangu alipofiwa na mume wa kwanza. Baadaye alifiwa na wa pili. Alishtakiwa kumuua abiria wake katikati ya mto, mchuuzi wa mawese aliyeitwa Yannick. Kwamba alimpiga kafi la kichwa, hakukana. Kilichobishaniwa ni sababu.

Wakili wake, Maître Bilali, alikuwa amemwandalia njia: aseme alichokozwa, hasira ikampanda. Adhabu ingepungua, iwe miaka michache. Kabla majaji hawajaingia alimsihi tena.

"Hapana, Maître. Sikukasirika. Nikisema hasira, ni kusema nilimuua juu ya matusi. Mimi nilijikinga."

"Na wasipokuamini?"

"Alors, wanifunge."

Mwendesha mashtaka, mgeni katika mji, alianza na matusi hayo. Ufukoni marehemu alimwita mshtakiwa mla-waume, mbele ya watu. Naye alijibu: "Panda basi, utakuwa wa tatu."

"Alitishia kuua," akasema mwendesha mashtaka, "na akaua!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jaji akagonga meza. Maître Bilali aliwatazama wale waliokuwa wakicheka, mmoja baada ya mwingine, kisha akamwita Karima, muuza chikwangue, mikate ya muhogo, aliyekuwamo mtumbwini siku ile.

"Mama Karima, mshtakiwa anakuitaje ufukoni?"

"Mimi? Ananiitaka Kiboko. Anasema nikiingia, pirogue inalia."

"Nawe unamwitaje?"

"Mukia ya Shetani. Bon, kwetu mupiga kafi asiyejua kutukana hapati watu. Tunaachaka pirogue zingine tupande yake, tucheke. Yannick pia, kila siku ya soko alikuwa kwake."

"Siku ile mama alikasirika?"

"Alicheka! Hasira ilikuwa ya Yannick. Katikati ya maji alikumbuka bidoni yake moja ya mawese imebaki ufukoni, akataka turudi. Mama akasema mukondo iko kali, hatugeuki. Donc, akasimama."

Kicheko kilikatika. Waliocheka wote walikuwa watu wa mto, na ndani ya mtumbwi uliojaa, mtu hasimami.

"Akasimama na panga, akaiinua juu ya kichwa ya mama. Pirogue ikalala, maji ikaingia. Mama akapiga mara moja. Yannick akaanguka inje. Mama akatupa kafi, akamushika shati. Shati ikapasuka."

Jaji aliinama mbele. "Mama Célestine, ulitaka afe?"

"Nilitaka akae chini, Monsieur le Président."

Majaji walitoka kushauriana. Hakuna aliyeondoka kutafuta chakula. Waliporudi, jaji alisoma taratibu: panga lilikuwa juu ya kichwa cha mshtakiwa, hakuwa na mahali pa kukimbilia, alijikinga kwa haki. Hana hatia. Aachiwe leo hii.

Vigelegele vilitoka nje na kurudi ndani. Karima alimkumbatia Maître Bilali hadi miguu ikaacha sakafu. Mama Célestine alisimama palepale, mikono kichwani, mpaka askari mwenyewe akamwambia, "Nenda nyumbani, Mama."

Tulishuka mtoni kwa nyimbo, barabara nzima yetu. Kamba zikafunguliwa.

"Leo pumzika, Mama, tutakuvusha," wapiga kafi wenzake walimwambia.

"Nimepumzika ya kutosha gerezani. Leteni kafi!"

Alikaa nyuma ya mtumbwi wake, akasukuma ukingo kwa kafi, na mitumbwi yote ikamfuata. Mimi na Maître Bilali tulibaki kwenye tope. Kutoka majini tulimsikia akimtukana mtu, na mto mzima ukicheka.