Stata Niliyoitengeneza Mwenyewe Siku ya Kumbeba Mama Mkwe

Haya, nitasimulia, lakini atakayecheka kabla sijamaliza naishia hapo hapo, maana aibu hii bado inaniwasha.

Gari lilianza ugonjwa Jumatano. Unazungusha ufunguo, "tik!" moja, kimya, ila taa zinawaka na honi inalia, kwa hiyo betri nzima, na ukiigonga stata, ile mota ya kuwashia injini, kwa spana, gari linawaka. Mke wangu Kabula akasema peleka kwa fundi, Jumamosi unamrudisha mama Sengerema (mama yake alitibiwa jicho hapa Mwanza, na ndiyo mara ya kwanza mimi kuaminiwa kumbeba). Fundi wa nini na mimi nipo? Nikaifungua stata uani, nikakuta kaboni zake, vile vipande vya kupitisha umeme, zimeisha kabisa, na badala ya kununua mpya nikazisugua kwa msasa, nikarudishia. Gari likawaka mara tatu mfululizo! Nikajinunulia soda kwa kujipongeza.

Sasa kwetu Wasukuma mkwe hazoewi. Jumamosi nilimwamkia shikamoo nikiangalia ukuta, akakaa kiti cha nyuma, na mpaka tunaingia kwenye kivuko hatujasemeshana maneno kumi. Nikazima gari. Tukafika ng'ambo, Kamanga, mimi ndiye wa kwanza kutoka, nikazungusha ufunguo: tik!

Honi hizo! Nyuma yangu lori, nyuma ya lori msururu mzima.

"Weka gia ya pili tukusukume!"

"Ni otomatiki!"

"Otomatiki gani isiyowaka?"

Nikamwomba utingo wa lile lori akae kwenye usukani azungushe ufunguo kila nikigonga, nikajiingiza chini ya gari na shati langu jeupe, miguu ikabaki nje. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, oili inanidondokea shingoni, watu wanapiga kelele, hasira zikanipanda.

"Washa wewe mzembe! Umelala huko juu?"

Ikaja sauti ya upole kabisa: "Baba, nizungushe upande gani?"

Mungu wangu! Utingo alikuwa ameitwa na dereva wake, na mama, na jicho lake lile la bandeji, kaona mkwe anateseka, kahamia mbele kunisaidia. Kivuko kizima kiliangua kicheko. Nikasema kwa sauti ndogo, "Kulia, mama." Nikagonga, likawaka.

Tulipofika kwake nilimwomba radhi nikiwa nimeinama, akasema, "Yameisha, baba." Nikaamini. Kesho yake nikaipeleka stata kwa fundi, na mwezi uliofuata, mama alipotakiwa kurudi kliniki, nikamwambia Kabula nitamfuata mwenyewe. Akampigia simu, akasikiliza, akaniangalia kwa huruma.

"Mama anashukuru, ila atakuja na basi. Anasema hataki kukukasirisha tena."

Kunikasirisha! Yeye! Jamani, tangu siku ile boneti naifungua kuweka maji tu, na stata ikikohoa hata mara moja, gari linaenda kwa fundi limefungwa kamba.