Kasanduku ka Gari la Mama

Juzi nilishuka ufukweni Swima kununua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, nikakuta mafundi wa mitumbwi wanaziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese. Harufu ya mawese ya moto, ikichanganyika na ile ya ubao mbichi, ilinishika puani nikasimama. Mama muuzaji alidhani samaki wake hawakunipendeza, akaanza kuwasifu upya. Ningemwelezaje kwamba harufu ile hunikumbusha gari, na mama yangu akiwa amekaa ndani yake?

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi hapa Baraka. Mwaka ule mama alikuwa mgonjwa. Tumbo lilikuwa linavimba na mikono inakonda, na wakubwa walikuwa wakinyamaza kila nilipoingia chumbani. Siku moja mjomba, kaka yake mama, akashuka kwa pikipiki kutoka kwao Fizi, kule milimani. Alimwambia baba yale ambayo ndugu wa mwanamke husema kwetu, kwamba mtoto wao amezidiwa, basi arudi kwao akauguzwe na mama yake mzazi. Baba hakubisha, maana ni haki yao. Ila mama hakuweza tena kukaa kwenye pikipiki, na kwenye malori ya barabara ile abiria hukaa juu ya magunia. Baba akasema atampeleka kwa gari. Mjomba akauliza gari gani, na baba akajibu kwamba ni lile atakaloliunda.

Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani tunapanda sote kwenda kumsalimu bibi, na shuleni nilishajitangaza kwamba nitakaa mbele. Hakuna aliyeniambia kwamba mgonjwa wa namna ile huenda peke yake, na watoto hubaki kwa baba yao.

Gari lenyewe, jamani, mngelicheka. Injini ilikuwa ya pikipiki, mifupa yake mabomba ya chuma yaliyochomelewa sokoni, na mwili wote mbao, kwa kuwa baba hakujua kuunda kitu kingine chochote isipokuwa mtumbwi. Hata pua yake ilichongoka. Watoto wa jirani waliuliza makasia yako wapi. Lakini liliwaka, likatembea hadi kanisani na kurudi, na baba akamwita mama aje ajaribu kiti.

Mama alikaa, akajiegemeza, akatazama mbele yake. Utotoni aliwahi kupanda gari la parokia, na alichokikumbuka ni kasanduku kale kaliko mbele ya abiria, kenye mlango unaofunguka kwa kushuka magotini. Akauliza dawa zake na leso yake ataziweka wapi. Gari lisilo na kasanduku, akasema, halijaisha.

Baba akaingia kazini. Alikata ubao wa mvule, akaunganisha pembe zote, akaziba kila ufa kwa pamba na mawese, kama alivyozoea. Kisha akanituma maji. Alijaza kasanduku kale maji hadi juu kuona kama kanavuja. Halikutoka hata tone, na baba akasimama pale kifua mbele. Asubuhi yake ubao ulikuwa umevimba, kama ubao wa mtumbwi unavyotakiwa kuvimba, na mlango ukakwama usifunguke tena kwa kisu wala kwa nyundo. Mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na bado akaendelea kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu masika.

Kasanduku ka pili kalifunguka vizuri, lakini mama akasema ni kadogo. Kalikofuata kalikuwa kakubwa, ila bawaba zililia. Baba akazipaka mafuta. Mama akaona kona yake ni kali. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, aliniita nikae naye kwenye kile kiti kimoja cha abiria, mimi nimebanwa kati yake na mlango, tukakague kazi ya baba. Alikafungua kasanduku, akakafunga, akaniambia nami nifungue. Huku akinisuka nywele alinisimulia habari za bibi, na jinsi huko kwao milimani kunavyokuwa na baridi. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa nimechoka kuchekwa shuleni kwa safari isiyofika, na siku moja uvumilivu ukaniishia.

“Mama, gari iko tayari. Twende basi.”

“Bado, Faida. Hii kona inanikwaruza mukono.”

Nilipitisha kidole kwenye kona ile. Ilikuwa laini kabisa. Nikamkasirikia kimoyomoyo, na zaidi nikamshangaa baba, mtu aliyewahi kumfukuza mteja aliyelalamikia msumari mmoja, jinsi alivyochukua msasa na kuanza tena kusugua.

Mjomba alirudi kuuliza kinachowachelewesha. Baba akamwonyesha kasanduku, akasema kamebaki kidogo. Mjomba alikafungua, akakafunga, akamtazama dada yake aliyekuwa ananisuka. Akanywa chai yake, akaondoka bila kuwaharakisha.

Halafu ikaja asubuhi ambayo mama hakuweza kutembea hadi kwenye gari. Baba alimbeba. Mama akaweka kiganja juu ya kile kimlango, akasema sasa ni kazuri. Mimi nilikuwa tayari nimevaa viatu vya kanisani. Alinivuta kichwa kifuani pake, akaniambia nibaki na baba, nisimsumbue. Nililia barabarani mpaka sauti ikakauka, na nililia kwa sababu ya kukosa safari. Mama alifia Fizi kwa mama yake, kabla mahindi hayajavunwa.

Gari lile halipo tena. Mbao zake zilirudi majini zikiwa mtumbwi. Miaka mingi baadaye, nikiwa na binti yangu mgongoni, nilimtania baba kwamba fundi mzima alishindwa na kasanduku ka mbao. Hakucheka.

“Kale ka kwanza tu njo kalikuwa kabaya,” akasema. “Bingine byote bilikuwa bizuri. Mama yako alikuwa anajua. Na miye nilikuwa najua.”

Nilikaa chini. Nilimuuliza, kwa nini basi hakuwaambia wajomba kwamba mama hataki kwenda.

“Alikuwa anataka kwenda,” baba akasema. “Alikuwa anataka mama yake. Lakini na weye ulikuwa unataka mama yako.”

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampakata. Zile asubuhi nilizokaa nimebanwa kwenye kiti, nikihesabu lini tutaondoka, mama alikuwa anamnyima bibi yangu ili anipe mimi.