Kinu Kilichoruka Pigo

Vumilia binti Yakobo, mjukuu wa Venansi. Venansi ndiye aliyeikimbia nchi yao, akavuka mto Malagarasi maji yakiwa juu, mtoto begani na jembe mkononi. Yakobo ndiye aliyelima pori la Kasulu mpaka likalisha watu wasiokuwa hata ndugu zake. Na Vumilia ndiye aliyewarudisha wote kwao Bugendana, akadai shamba la babu yake mbele ya wazee wa kilima, maana huko kijiji huitwa kilima, mpaka akapewa. Hakuwa mtu wa kuachia kilicho chake.

Mumewe, Elikana, alikuwa na moyo wenye kilema. Vumilia aliujua kwa sikio, maana kifua kile kilikuwa mto wake wa kulalia: du-du, kimya, du. Elikana mwenyewe alitania kwamba moyo wake unachechemea kama mbuzi wa jirani. Siku moja alipeleka maharage mjini Muyinga, kifua kikambana, mkono wa kushoto ukaingia ganzi. Kwenye zahanati ya daktari Urbano akaambiwa ni asidi ya tumbo. Alirudi nyumbani na vidonge, akafa kabla havijaisha.

Vumilia akamshtaki Urbano mahakamani, huko huko Muyinga. Urbano akakana, akasema alimpima vizuri na moyo ulikuwa mzima. Nani wa kumbishia? Aliyepimwa yuko udongoni.

Ndipo kinu kikaanza. Vumilia akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mchi ulikwenda kwa mwendo ule ule: du-du, kimya, du. Akabadilisha mkono, ikawa vilevile. Akaacha kutwanga. Basi mchana mweupe, mchi umeegemea ukuta, kinu kitupu kikalia chenyewe. Wifi yake Jeska akamtania kwamba sasa ameolewa na kinu, lakini tangu siku hiyo Jeska mwenyewe hakukanyaga tena jikoni.

Mwaka ulipotimia ikafika siku ya kuganduka, yaani kuvua msiba. Urbano naye akaja, na makreti ya bia, akiomba mambo yaishie hapo kilimani na mashtaka yafutwe. Desturi ilimpa nguvu: mkubwa wa familia huuliza ni nani mwenye neno kuhusu marehemu, na asiyesema siku hiyo hasemi tena.

Baba mkwe akasimama, akauliza. Macho yote yakamgeukia Vumilia. Yeye alikaa, mikono mapajani, hakufungua mdomo. Ndani ya kimya kile ikasikika kutoka jikoni.

Du-du. Kimya. Du.

Hakuna aliyeinuka. Bia ilitetemeka ndani ya glasi. Urbano aliinamisha kichwa upande, kama yuko kazini, na kidole chake kikaanza kufuatisha juu ya goti.

"Huyu iko mugonjwa sana," akasema polepole. "Huyu ni wa kupeleka hopitali sasa hivi. Ni nani?"

"Ni yule wa asidi," Vumilia akamjibu. "Siku ile, daktari, hilo sikio ulikuwa umeliacha wapi?"

Urbano akatazama mikono yake. "Mi sikumusikiliza kifua, mama. Watu walikuwa wengi. Nilimuuliza tu, nikamuandikia dawa."

Wazee wa kilima walisikia wote. Baba mkwe akamwaga bia yake chini, akasema msiba hauvuliwi leo, na yeye mwenyewe atakwenda Muyinga kuyasema aliyoyasikia.

Asubuhi ya safari ya mahakamani Vumilia alifunga upya kitambaa cha msiba, akamwita binti yake Kasilda jikoni, akamshika kiganja na kukiweka kwenye ukingo wa kinu. Mti ulikuwa na joto, kama ngozi.

"Usitwange humu, mwanangu, wala usikifunike. Kaa nacho umsikilize baba yako. Mimi watanisomea hukumu kwa maneno yao ya mahakama, na naweza kudanganywa. Baba yako akiridhika, kitanyamaza; hapo nipigie simu."