Chungu Alichotukataza Bibi Kufunua

Juzi mjukuu wangu alikuja kunitazama hapa Kibiti, akapika viazi vitamu vikatoka vimelowa nje na vigumu ndani. Akaniuliza vyangu huwa navifanyaje hata vinakuwa laini, vya unga, vinavunjika mkononi kabla hujavifikisha mdomoni. Nikamwelekeza, maana kazi yenyewe ni rahisi. Lakini lipo jambo sikumwambia, nalo nakueleza wewe, mwenzangu, kwa kuwa umri umekwenda na sina tena wa kumwonea haya.

Upishi ule ni wa bibi yangu, mama yake baba. Niliupata nikiwa na miaka saba hivi, wakati wa vita vya Maji Maji. Kwetu ni Ngorongo, bondeni. Baba alikunywa dawa pamoja na wenzake, akaondoka, hatukumwona tena. Kisha askari wa Mdachi wakaja kuchoma maghala ya mpunga, nasi tukakimbia kufuata mto hadi karibu na Mbuchi, unapoingia baharini, tukajificha kwenye kipande cha mchanga kilichozungukwa na mikoko. Wengine walikimbia na mpunga. Bibi alibeba chungu chake na mzigo wa marando, yale mashina ya viazi ya kupandia, na njia nzima watu walimcheka.

Viazi vilipokomaa, hakung'oa shina hata moja. Alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye ufa wa tuta, akapapasa kwa macho yaliyofumbwa mpaka akakipata kikubwa, akakichomoa taratibu na kufukia. Vidogo viliachwa vinenepe. Mpita njia angeona majani tu, asijue kama chini kuna chakula.

Alivianika juani siku mbili, vinywee, utamu ukolee. Ndani ya chungu alipanga vijiti, akatia maji yasiyovuka vijiti hivyo, juu yake majani, kisha viazi na maganda yake, na majani tena. Akafunika na kuziba ukingo wote kwa udongo. Moto ulikuwa mkali wa muda mfupi, wa kuni kavu kabisa. Maji yakianza kuunguruma aliondoa kuni zote, akakifukia chungu kwenye majivu ya moto, viazi vikajimalizia vyenyewe kwa mvuke. Leo watu wanausifu upishi huu. Mimi najua ulikuwa woga tu, kwa sababu moto mfupi hautoi moshi wa kuonekana mbali.

Kila mara alinionya nisifunue, nikifunua nitakula mawe.

Siku moja adhuhuri Bibi alikuwa kwenye matuta, na Mama, aliyekuwa na mimba kubwa, amejilaza kivulini. Mimi niliachwa nilinde chungu. Njaa ilinisokota, na harufu ya viazi ilikuwa inapenya kwenye udongo. Nikaubandua, nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni ukaenda zake. Nikauma kimoja, kiini kigumu. Nikafunika upesi na kupaka udongo mwingine, lakini udongo mbichi haufichiki. Bibi aliporudi alitazama mara moja tu, hakunipiga wala hakunifokea. Mama alikuwa hajala tangu jana, kwa hiyo ilibidi moto uwashwe tena, na kuni kavu zilikuwa zimekwisha. Moshi ukapanda juu ya mikoko, mweupe, mnene. Hadi leo nauona.

Haukupita muda tukasikia makasia na sauti za wanaume. Bibi akamwinua Mama, akanishikisha mkono wake, akatuonyesha njia ya matopeni. Yeye akarudi kuketi penye chungu. Nilielewa baadaye sana: chungu cha moto kisicho na mwenyewe kingewafanya watutafute, na Mama hangeweza kukimbia. Hatukuwa tumefika mbali nilipomsikia akizungumza na wale askari kwa upole, kama anayepokea wageni wa arusi.

"Kaeni kitako, wanangu. Kikifunuliwa sasa mtakula mawe. Ngojeni."

Wakangoja. Nao walikuwa na njaa. Sisi tukaendelea, Mama akipiga hatua mbili na kupumzika, maji yakijaa nyuma yetu na kufuta nyayo.

Tuliporudi kesho yake chungu kilikuwa kitupu, maganda yametapakaa mchangani, na Bibi hayupo. Tulisikia kwamba wanawake walionekana wakipelekwa bara kubeba mizigo. Hakurudi. Matuta hayakuguswa hata moja. Tulipapasa tukala, mdogo wangu akazaliwa palepale, na vita vilipokwisha tukarudi Ngorongo na marando yale. Siku hizi mbegu ile imepotea. Nimeitafuta hadi Mahege, siioni. Mama alikufa bila kuniuliza nani alifunua chungu. Labda alijua akaninyamazia. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Jana mjukuu wangu alijaribu tena. Alipanga vijiti, akafunika vizuri, akakaa kusubiri. Kisha uvumilivu ukamwishia, akafunua, akaungua kidole, akacheka mwenyewe, akafunika na kuchochea kuni upya. Nilitaka kumkataza, nikamwacha. Moshi ulijaa uani ukapanda juu ya mapaa, na watu waliokuwa wakipita barabarani hawakugeuka hata kuutazama. Akanipakulia, akaniomba radhi kwamba vimekuwa na kiini kigumu. Nikavila vyote.