Heda za Pontiaki na Mbuzi wa Mugo

Mutai hakuwa fundi wa magari. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, na mzee aliyempata kule ughaibuni, Annandale, Bwana Walter, alikuwa na kichwa kigumu ajabu. Aligoma kula. Ukimpa uji anageukia ukuta, ukimpa supu anakutazama kama umemtukana. "Nitakula siku nikisikia Pontiaki yangu ikinguruma," alisema, na hapo hakuna mjadala. Alikuwa akiponea maziwa ya kopo, na Mutai alishautoboa mkanda wa mzee tundu jipya suruali isianguke.

Pontiaki yenyewe ilikuwa gerejini, gari la mwaka sitini na saba, injini bado nzima. Kilichokosekana ni heda, yale mabomba yanayopokea moshi kwenye injini na kuupeleka nyuma. Zilizokuwepo zilikwisha kuliwa na kutu. Na heda za injini ile, jamani, ziliacha kutengenezwa kabla Mutai hajazaliwa!

Alitafuta mtandaoni mpaka macho yakamwuma. Akazunguka yadi za magari mabovu kuanzia Gaithersburg mpaka asikokujua. Jamaa mmoja akamwapia kwamba anazo. Mutai akaendesha gari asubuhi nzima, kumbe ni za trekta. Mkewe Chepngetich akachoka.

"Baba Ethan, hata mimi ulinitafuta hivi kweli?"

"Wewe ulikuwa rahisi kuonekana," Mutai akajibu. Jioni hiyo alijipikia mwenyewe.

Jumamosi wanaume wa kanisa walikutana Woodbridge kuchoma mbuzi. Mchomaji alikuwa Mugo, mtu wa Nyeri, na jiko lake la pipa lenye dohani mbili lilisifiwa na kila Mkenya mwenye meno. Mutai alikuwa amekula nyama ya jiko lile miaka na miaka. Leo aliinama kuchukua ubavu, moshi ukamwingia machoni, akafikicha, na alipofumbua alikuwa ana kwa ana na dohani. Mabomba manne yaliyopinda, yanaungana kuwa moja. Upande wa pili, manne mengine. Na chini ya masizi, namba ileile ya kiwandani aliyokuwa akiiota.

"Mugo! Hizi ulizitoa wapi?"

"Kuna mzungu alikuwa anahama, akazitupa. Zinavuta moshi vizuri, si ndio?"

"Ni heda hizi!"

"Ni chimni," Mugo akasema, bado anageuza nyama.

Mutai akawaeleza habari za Bwana Walter. Mzee afe njaa, ama wao wakose choma? Wengine, Mungu awasamehe, walilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu mno. Mwishowe Mugo akaweka kisu chini.

"Mtu kukataa chakula, hiyo siwezi," akasema. "Nitawaletea spana. Lakini huyu mbuzi tummalize kwanza."

Jumatatu fundi akazifunga. Mutai alikuwa amezisugua kwa sabuni na brashi ya waya mpaka vidole vikachubuka, lakini mafuta ya mbuzi wa miaka yote yalikuwa yameganda ndani na hayakusikia la mtu. Mugo alikuja kushuhudia, amevaa suti ya kanisani. Wakamsukuma Bwana Walter kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni mwa gereji, na Mutai akawasha.

Lo! Gari lilinguruma mpaka madirisha ya jirani yakatetemeka. Mutai akamgeukia mzee, akitarajia machozi. Mzee alikuwa ameinua pua juu, ananusa. Mabomba yalikuwa yamepata moto sawasawa, na mtaa mzima ulinukia mbuzi.

"Zima!" Bwana Walter akapiga kelele. "Zima hilo gari!"

Mutai akazima, roho mkononi. "Kuna nini, mzee wangu?"

"Nani anachoma nyama hapa," mzee akauliza, huku akihangaika kujiinua kitini, "na mimi sijaitwa?"