Kiulimi au kisahani? Vile swichi ya racheti ilinirudisha kwa injini

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Najua wengine mtasoma hiyo title na mseme huyu jamaa amekosa kazi. Uzi mzima juu ya swichi ya racheti? Ndiyo, mzima. Na sitaongeza chumvi hata punje. Walioshuhudia wako hapa Kitale, wengine ni members humu. Nikiteleza wanirekebishe hapa hapa.

Jina langu Simiyu. Mimi ni fundi wa tractor, miaka kumi na nne sasa.

Kwa wale hamjawahi kushika spana: racheti ni ule mkono wa chuma unaoshikilia soketi. Ukivuta, bolti inazunguka. Ukirudisha, inateleza tu, krr krr krr, soketi inabaki palepale. Swichi iliyo mgongoni mwa kichwa chake ndiyo inaamua kama unafungua ama unafunga.

Swichi ziko design mingi, lakini za kawaida ni mbili. Kuna ya kiulimi, kachuma kadogo kanachomoza, unakasukuma na kidole gumba. Kuna ya kisahani, duara bapa limelala kwa kichwa cha racheti, unalizungusha.

Mimi nilikuwa mtu wa kiulimi. Ungeniletea kisahani ningekurudishia na matusi juu.

Halafu mwaka jana diski ya grinder ikapasuka nikikata chuma. Kipande kikaingia mkono wa kulia, kikakata mshipa wa kidole gumba. Hospitali walishona vizuri, siwalaumu. Kidole kiko. Lakini hakikunjiki na hakisukumi. Kinasimama tu hapo kama mgeni aliyekataa kiti.

Wakuu, hamjui kazi ya kidole gumba mpaka kilale. Mke wangu Nafula ndiye alikuwa ananifunga vifungo vya shati kila asubuhi. Hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye nilikuwa nalalamika, kimoyomoyo.

Kwa garage, kiulimi kikanikataa kabisa. Nikitaka kugeuza lazima nitoe mkono ndani ya injini, nitumie wa kushoto, nirudi nitafute bolti upya. Mara soketi inaanguka. Mara inaanguka tena.

Mdosi wetu, fundi Barasa, alinivumilia miezi miwili. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Siku moja akaniita kando.

"Simiyu, ukiangusha kitu ndani ya injini ya mtu, mimi nitamwambia nini?"

Kesho yake nikatolewa kwa injini, nikawekwa kaunta ya kuuza spea.

Kaunta ni kazi, simdharau mtu. Lakini kukaa hatua kumi kutoka kwa injini, unasikia mtu akikaza vibaya, na unajua kwa sauti tu kwamba anakaza vibaya, hiyo ni adhabu bana.

Sasa twende kwa siku yenyewe.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Mama Chelimo, mkulima hapa nje kidogo ya Kitale, alikuwa anapukuchua mahindi. Mashine yake inaendeshwa na tractor. Asubuhi hiyo water pump ya tractor ikakufa, maji yakamwagika yote, injini ikachemka. Na mahindi yote yameanikwa nje juu ya turubai. Hiyo wiki mvua ilikuwa inakuja kila siku baada ya lunch, kama imeajiriwa.

Pump ya model hiyo haikuwa Kitale. Barasa akapiga simu, ikapatikana Bungoma.

"Simiyu, si wewe ndiye mtu wa spea sasa? Kimbia. Sisi tutakuwa tunatoa hiyo ya zamani."

Mtu wa spea. Nilimeza hiyo maneno nikaenda.

Bungoma nikafika, wenye duka wakaniambia nisubiri kidogo pump itolewe store. Nikatoka nje kunyoosha miguu, nikapita nyuma ya msikiti, nikaona meza imejaa vyombo vya mitumba: spana, koleo, soketi, racheti za kila umri. Mwenyewe ni mama mmoja anaitwa Mama Rukia. Mume wake alikuwa fundi, alipofariki mama akaendelea na meza.

"Karibu baba. Unatafuta nini?"

"Naangalia tu, mama."

"Hapa hatuangalii. Hapa tunashika."

Nikashika. Mkono kwa mazoea ukaenda kwa racheti ya kiulimi. Nikajaribu kukisukuma, kidole kikateleza. Nikarudisha haraka kama mtu ameiba.

Aliona. Hakusema pole, na nilimshukuru kwa hiyo.

"Weka chini, hiyo imekukataa. Nionyeshe vidole gani vinafanya kazi."

Nikamwonyesha vinne. Akapekua chini ya meza, akatoa racheti ya kisahani. Kabla sijaishika, akachukua kopo na kunidondoshea oil kwa vidole.

"Ai, mama!"

"Fundi gani hujaribu racheti na mikono misafi?"

Ya kwanza ilikuwa laini sana, vidole viliteleza na oil. Akaitupa kando. Ya pili kisahani chake kilikuwa na meno meno pembeni, kama ukingo wa shilingi. Nikakibana kwa kidole cha shahada na cha kati, nikazungusha.

Tak.

Nikarudisha. Tak. Nikajaribu kwa kukisugua na kiganja. Tak!

Wakuu, nilisimama pale nyuma ya msikiti nikigeuza hiyo kitu mbele na nyuma mpaka watu wakaanza kuniangalia. Mama Rukia alicheka.

"Sasa unalia ama ni jua?"

Nikasema ni jua. Tukaelewana bei, nikachukua pump yangu, nikarudi.

Nilifika kwa Mama Chelimo saa nane hivi. Upande wa mlima Elgon mawingu yalikuwa meusi tii. Nilidhani nitakuta pump ya zamani iko chini, tubandike mpya tumalize. Wapi! Bado iko kwa injini. Barasa na fundi mwenzake wamelowa jasho.

Bolti zote zilikuwa zimetoka isipokuwa moja. Ile ya chini kabisa, nyuma ya puli ya feni, lile gurudumu la mkanda, mahali huoni, unapapasa tu. Spana ya kawaida haina nafasi ya kugeuka. Racheti inaingia, lakini angalieni balaa: kila Barasa akirudisha mkono, kile kiulimi kilikuwa kinagusa puli na kujigeuza chenyewe. Akivuta akidhani anafungua, kumbe anakaza! Alikuwa anafungua kidogo, anakaza kidogo, zaidi ya saa nzima.

(Kabla mniulize: ndiyo, walifunga kiulimi na tape. Oil ikaila tape.)

Mama Chelimo alikuwa amesimama kando ya mahindi yake, mikono kiunoni.

"Mafundi, mvua haingoji bolti," akasema, bila hasira. Hiyo ndiyo ilituuma zaidi.

Nikaangalia ile nafasi. Nikaangalia racheti yangu, vile kisahani kimelala bapa bila kitu cha kuchomoza.

"Mzee, niachie nijaribu."

Barasa hakuniangalia usoni, aliangalia mkono.

"Na hiyo kidole, Simiyu?"

"Hiyo sitaitumia."

Akafuta jasho usoni. Halafu akasonga kando.

Nikalala ubavu, nikaingiza mkono nyuma ya puli, nikapapasa mpaka soketi ikakaa kwa bolti. Nikavuta. Kitu hakuna. Nikarudisha, krr, nikisubiri swichi igeuke kama ya Barasa. Haikugeuka. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, nikisema jina la mama yangu.

KA!

Bolti ikalegea. Hiyo sauti naisikia mpaka leo. Baada ya hapo ilikuwa krr krr krr, kama muziki, na pump ya zamani ikaniangukia mkononi.

Hakuna aliyeniambia nitoke. Nikasafisha, nikaweka gasket ya kuziba maji na pump mpya, nikarudi kwa ile ile bolti. Mkono ukiwa ndani kabisa, vidole viwili vikazungusha kisahani, tak, na sasa nafunga. Sikuutoa mkono. Sikuangusha kitu.

Tukajaza maji. Mama Chelimo mwenyewe akapanda tractor, akawasha. Ikanguruma. Hakuna tone hata moja.

Akapiga vigelegele huko juu ya kiti mpaka majirani wakakuja. Kila mtu akashika beleshi, Barasa akiwemo. Mashine ikala mahindi, magunia yakajaa, yakakimbizwa store. Mvua iliposhuka, kilichobaki nje kilikuwa rundo dogo tu, tukalifunika na turubai huku tunacheka kama wehu.

Mama Chelimo akanishika mkono wa kulia, na kidole kibovu ndani yake, akautikisa. Akamgeukia Barasa:

"Kwa nini mlikuwa mnamficha huyu kwa duka?"

Barasa aliosha mikono muda mrefu sana siku hiyo, hata baada ya kuwa safi. Halafu akasema bila kunigeukia:

"Kesho kaunta tutatafutia mtu mwingine."

Nikaenda nyumbani nimelowa chapachapa. Nafula akafungua mlango, akaniona nimejaa grisi mpaka masikio. Alianza kucheka na kulia pamoja.

Sasa ni karibu mwaka. Niko kwa injini kila siku, na wateja wengine hunitafuta kwa jina.

Na msidhani nauza kisahani: Barasa aliazima yangu wiki moja akairudisha. Ati vidole vyake ni vinene, havisikii kisahani kiko wapi. "Hii sahani yako ni ya kuwekea kikombe, bana." Amerudi kwa kiulimi chake na kazi yake inatoka safi. Hayuko wrong. Mimi pia siko wrong.

Nilichojifunza ni hiki: miezi mingi nilidhani mkono wangu umeharibika. Kumbe nilikuwa nimeshika chombo cha mkono wa mtu mwingine. Kama kuna kazi unaipenda na imeanza kukukataa, kabla uiache, jaribu kwanza kubadilisha unachoshika.

Haya mafundi, wa gari, wa pikipiki, hata wa cherehani. Wewe chombo chako unapenda kiwe vipi, na kwa nini? Wa kiulimi njooni mnitukane kwa heshima. Nitawajibu nikitoka chini ya hii tractor, kuna mtu ananiita.